Konekta niliyochomelea vibaya, lawama akabeba Baba Kulwa

Wakuu, habari za muda huu. Jambo hili limenikaa kifuani mwaka wa pili sasa. Sijaongeza chumvi, na mwenye kosa ni mimi.

Mimi ni fundi wa redio za mawasiliano hapa Nyasubi, Kahama. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja, Baba Kulwa. Ofisi ilikuwa yake.

Tulipata kazi ya mgodi mdogo upande wa Runzewe. Ripita yao ya mlimani, ile mashine inayopokea mawimbi ya redio na kuyarusha mbele, ilitaka kipande cha waya wa koaksia, ule mgumu ambao ganda lake ni bomba la shaba. Konekta zake, vile vichwa vya kuunganishia, unachomelea kwa solda.

Kwa wasioujua: ndani ya bomba kuna plastiki nyeupe, katikati yake pini. Ukizidisha moto, plastiki inavimba na kuisukuma pini. Inabidi usubiri ipoe, uikate ilingane na ukingo wa bomba, ndiyo umalizie.

"Masanja, usiikimbize," mzee alikuwa ananiambia kila mara.

Siku hiyo yeye alikuwa kliniki ya macho. Nikaikimbiza. Solda ikatoka imefifia, ina vinundu, dalili kwamba haijashika sawasawa. Nikapima, ikasoma vizuri, nikawakabidhi.

Wiki haikuisha, meneja wa mgodi akaingia na ule waya mkononi. Maji yalikuwa yameingia shimoni, redio ikakata, wito wa kuwatoa watu haukufika. Walitoka kwa kukoswakoswa, mmoja kavunjika mguu.

"Nani kachomelea hii?"

Meneja alikuwa anatazama mikono ya mzee, maana ilishaanza kutetemeka kwa uzee.

Baba Kulwa akauchukua waya, akausogeza karibu na macho, akaugeuza taratibu.

"Imetoka ofisini kwangu," akasema. "Ni yangu. Poleni sana."

Mimi nimeinamia meza, najifanya natafuta bisibisi.

Habari ikasambaa kwamba mzee kaisha. Kazi za migodini zikahamia kwingine. Baada ya miezi michache akaniachia ofisi, akarudi kwake Isaka.

Nilikuwa nampigia simu. Shikamoo mzee, marahaba, hali yako, basi nakata. Nilijiambia nitaenda nimweleze ana kwa ana.

Msiba wake ukanitangulia.

Baada ya maziko nilimfuata mkewe, Mama Kulwa, nikamwambia yote.

"Alijua, mwanangu. Alisema solda yako anaitambua hata kwa kupapasa."

"Mbona hakuniambia?"

"Alitaka useme mwenyewe. Kila Jumapili alikuwa anauliza, Masanja hajafika?"

Nililia mpaka watu wakaja kunishika.

Meneja nilishamweleza ukweli. Alisikitika, lakini mzee hayupo tena kunisikia nikiusema.

Wakuu, kama kuna mtu kabeba kosa lako na bado anapumua, usipange siku. Nenda leo, hata kwa bodaboda.

Mliopitia kama haya, semeni hapo chini mnaishije nayo. Na mwenye kunitukana anitukane tu, nitasoma.