Msaliti Niliyemtunga Masaki

Ijumaa, tarehe 14 Novemba. Manyunyu tangu alfajiri mpaka saa moja, kisha mawingu mazito, halafu jua la kuchoma.

Mwajuma, mjukuu wangu, ameniambia niandike kazi yangu ilivyokuwa ili vijana wa leo waisome. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnisamehe. Nilikuwa mtafsiri wa mikanda kwenye mabanda ya video. Nilianzia Mlandizi. Siku ya kwanza mwenye banda, tuliyemwita Mkurugenzi, alinipa maiki, nikaishika kwa mikono miwili isianguke. Mkanda ulikuwa wa shujaa wa katuni, wale wanaovaa joho na kuruka juu ya maghorofa.

"Bosi, Kiingereza chenyewe sikijui vizuri," nilimnong'oneza.

"Na wao je, wanakijua?" akanijibu. "Wewe tazama nyuso, useme. Ukinyamaza tu, watakuzomea."

Basi nikasema. Kazi yenyewe ni hivi: unapunguza sauti ya televisheni, unasimama kando ya kioo, unaeleza kabla mhusika hajafunga mdomo. Kichwa cha deki, ile mashine ya kuchezea mikanda, kikichafuka picha inakwaruza, unakisafisha kwa pamba na spiriti. Na ilikuwa desturi yetu watafsiri kuwapa wahusika majina ya watu wa palepale. Yule shujaa wa joho nilimwita Kibwana, jina la muuza maji wa Mlandizi, na Kibwana mwenyewe alitembea kifua mbele mwezi mzima. Watu walipenda. Nami nilidhani hakuna ubaya.

Baadaye nilipelekwa Dutumi, halafu mama mmoja mwenye mabanda mawili, tuliyemwita Hajati, akanichukua Masaki, upande wa Kisarawe. Huko ndiko tulikoonyesha mfululizo wa jasusi wa televisheni, mikanda sita, kwa jenereta. Jasusi alikuwa na mkubwa wake, mzee wa miwani, mpole. Na pale Masaki kulikuwa na mkulima wa korosho na muhogo, Mzee Shomari, naye wa miwani, naye mpole, kila siku benchi la mbele. Nikampa mzee wa kwenye mkanda jina lake. Banda zima lilicheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Lakini msimu ule watu wa idara ya misitu walikuwa wanakamata mkaa kila wiki, na kila mchoma mkaa alikuwa anajiuliza ni nani anayepeleka habari. Hilo nililijua. Siwezi kusema sikulijua.

Mkanda wa sita, deki ikautafuna. Picha ya mwisho tuliyoiona ni mzee wa miwani akimpa adui bahasha. Watu wakapiga kelele, "Mwisho! Tupe mwisho!" Nikaogopa kuzomewa. Nikapaza sauti kwenye maiki: "Shomari ndiye msaliti! Miaka yote siri zenu anazipeleka yeye!"

Hakuna aliyecheka. Nilidhani nimetafsiri vizuri sana.

Kesho yake asubuhi shamba lake lote la muhogo lilikuwa limeng'olewa, mashina yametupwa njiani. Watu wakaacha kuitikia salamu yake. Nilimwendea Hajati.

"Niwaambie kwamba nilibuni," nikasema.

"Waambie, halafu wakugeukie wewe. Wenye mapanga hawaulizi mara mbili. Nyamaza, kesho uondoke."

Nimtendee haki Hajati: alikuwa ananionea huruma. Hakunifunga mdomo. Mdomo ulikuwa wangu. Nilihamia Kongowe, hapa Kibaha, nikaendelea na kazi mpaka simu zilipoyaua mabanda, na miaka yote hiyo sikukanyaga Masaki.

Sasa mfululizo ule umetengenezwa upya, na vijana wanausifia utadhani umeanza nao. Juma lililopita Mwajuma aliutazama kwenye simu, mimi nikichungulia.

"Babu, huyu mzee wa miwani kiboko," akasema. "Ile bahasha ni feki. Anajifanya msaliti ili kijana wake, yule jasusi, apone. Na ule wa zamani nimeutafuta, mwisho ni huohuo."

Tangu siku hiyo nilijua lazima nirudi Masaki. Leo nimetoka mapema, nikafika Kisarawe, nikapanda bodaboda mpaka Masaki. Nilimkuta Mzee Shomari uani kwake, anamenya muhogo kwa kupapasa. Macho yamekwisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sauti hii..." Kisu kikasimama. "Mtafsiri."

Nikamweleza yote, macho yangu kwenye kile kisu. Nilitegemea matusi. Akauliza, "Kwa hiyo yule mzee wa miwani alikuwa mtu mwema?"

"Mwema, mzee."

"Mimi ulinisema kwenye spika. Sasa unakuja kunisafisha kwa kunong'ona? Nishike mkono, twende msikitini."

Swala ya Ijumaa ilipokwisha nilisimama nje mbele ya watu, yeye kashika bega langu. Niliogopa kuliko siku ile ya maiki. Nikautafsiri mwisho wa mkanda wa sita kwa sauti yangu ya zamani, kisha nikasema usaliti wa Shomari niliutunga mimi. Mzee Kondo, aliyekuwa mchoma mkaa enzi hizo, akatoa kicheko cha kulazimisha.

"Ah, mtafsiri nawe! Sisi tulijua ni sinema tu."

"Muhogo wangu haukujua," Mzee Shomari akasema.

Kondo akatazama chini.

Vijana, sijui kama imetosha. Kazi yangu ilikuwa kuwatia watu maneno mdomoni, na sikuwahi kumwomba mtu ruhusa. Mzee Shomari hakusema amenisamehe, nami siwezi kuandika kwamba alisema. Nilipoaga alipapasa kwenye kapu, akanifungia mihogo kwenye kiroba.

Jioni tumekula muhogo wa nazi na dagaa. Mke wangu aliuliza nimeung'oa wapi muhogo laini hivi. Nikamwambia sikuung'oa, nimepewa.