Meno ya Haro ya Wadleigh

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Thirza Wadleigh alichukua blanketi kuukuu la farasi akalitundika kwenye dirisha la karakana. Alilibana pembe zote kwa misumari, akarudi nyuma, akatazama kama kuna mwanga unaopenya. Ukipenya hata kama uzi, alikwenda kulibana upya. Hapo ndipo aliposhika mvukuto wa kupulizia moto.

Watu wa Burr Creek walimcheka. Mwanamke kufanya uhunzi, haya. Lakini kujifungia gizani kama popo? Thirza hakuwajibu. Mumewe Orrin ndiye aliyemfundisha, na Orrin alikuwa na sababu yake. Feleji, chuma kile kigumu, ikiwa motoni husema na mhunzi kwa rangi, na rangi ile huonekana vizuri gizani. Jua likiingia ndani, feleji iliyokwisha kuiva huonekana bado mbichi. Mhunzi anaendelea kupuliza, na ikija kuiva machoni pake, kumbe imekwisha kuungua ndani. Kwa nje haina kasoro. Inang'aa kama nyingine. Itavunjika siku itakapopewa kazi.

Kwa kiatu cha farasi, chuma laini, haidhuru kitu. Kwa jino la haro ya Orrin, hapo ndipo penyewe.

Mashamba ya pale Michigan yalikuwa msitu juzi tu. Miti ilikatwa, visiki vikabaki, na mizizi ikabaki chini ikimngoja mtu. Ukishalima kwa plau, unapitisha haro kuvunja mabonge: fremu ya mbao inayokokotwa na farasi, ina meno ya chuma yaliyonyooka kwenda chini. Jino hilo likikuta mzizi, ama linakatika, ama haro nzima inainuka na kumrudia mwenyewe. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja aliikata fremu katikati akaiunga kwa bawaba. Mwingine alitundika meno kwa minyororo, haro ikawa inapiga kelele kama gari la wafungwa na udongo haujavunjika. Mzee Crandall, jirani, alifunga jiwe juu ya haro yake, akakalia jiwe, akavunjika mguu.

Orrin aliokota springi ya gari la farasi lililovunjika, akaipasha moto, akaipinda kama ukucha wa paka.

"Pinda zaidi," alisema Thirza siku ile.

"Zaidi? Wewe mwanamke, utanifanya nipinde mpaka lijiume mkia lenyewe."

"Pinda, Orrin."

Akapinda. Likikuta mzizi, jino lilirudi nyuma, likauruka, likazama tena udongoni. Walitengeneza haro nzima ya meno hayo, ikakokotwa na jike lao la farasi, Tansy, katikati ya visiki, bila kukatika hata moja. Kisha wakatengeneza kimfano kidogo cha kutosha kwenye sanduku, kwa sababu serikali ilitaka hivyo kwa kila anayedai kuwa amevumbua kitu. Orrin alikipaka mafuta akakiweka juu ya rafu. Baada ya mavuno, alisema, nitakwenda kuapa kwa hakimu kwamba nimeibuni mimi.

Kabla ya mavuno mti ulimwangukia, akafa.

Mahakama ilimfanya kaka mkubwa wa Orrin, Erastus, kuwa msimamizi wa mali. Thirza hakuwa na mtoto, na Erastus alikuwa na koti zuri na duka la kuuza magari ya farasi karibu na reli. Alimchukua Tansy. Alichukua ile haro kubwa, akaifungua vipande vipande ili aone ilivyoungwa. Alikichukua na kile kimfano kilichokuwa rafuni.

"Nakipeleka kwa mtu wa mjini akione, shemeji," alisema. "Kitarudi."

Hakikurudi. Jumapili moja kanisani, mchungaji alisimama akampongeza Bwana Erastus Wadleigh, ambaye alikuwa ameapa mbele ya hakimu, mkono juu ya Biblia, kwamba haro ya meno ya springi aliibuni yeye, hakuna aliyemtangulia. Watu wakapiga makofi, humohumo kanisani.

Thirza akasimama. "Hiyo ni haro ya Orrin."

Makofi yakakatika. Lovina, mke wa Erastus, alimshika kiwiko kwa upole. "Kaa, mdogo wangu. Ni majonzi hayo."

"Si majonzi. Ni haro ya Orrin, na Erastus anajua."

Erastus aligeuka polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Thirza zaidi. "Shemeji, kwani kwenye ubao wa mbele wa haro pataandikwa nini? Wadleigh. Mimi Wadleigh, yeye Wadleigh, wewe Wadleigh. Kuna aliyekosa?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la kutaka mambo yaishe. Thirza akaketi. Alikuwa akitaka kitu kimoja tu, jina la Orrin likae kwenye ule ubao wa mbele wa haro. Alipoketi hakulitaka tena. Sasa alitaka Erastus aaibike mbele ya viganja vilevile vilivyompigia makofi, na iwe mchana kweupe.

Kuanzia hapo akawa mpole. Alikwenda kwa Lovina kumsaidia kupika tufaha na kufua mashuka. Alimwita Erastus shemeji kwa sauti tamu. Burr Creek nzima ikasema mjane amepoa.

Erastus alikuwa anajenga karakana mpya kando ya reli. Siku moja, wakila mkate wa mahindi na maharage, alikuwa anamweleza mkewe habari za paa. Thirza alimwongezea maharage.

"Pazuri pale, shemeji," alisema. "Abiria wote watapita hapo. Sema tu wataona ukuta."

"Ukuta?"

"Si mbao tupu zile. Mtu akiwa kwenye treni atajuaje kama ndani kuna kazi ya maana?"

Lovina akaweka kijiko chini. "Kioo, Erastus! Vioo vikubwa, kama vya duka la vitambaa kule Detroit!"

"Vioo ni ghali," alisema Erastus, lakini macho yake yalikwisha kwenda mbali.

"Basi acha," alisema Thirza. "Labda ni makuu mno kwa Burr Creek."

Mwezi uliofuata vioo vilishuka kutoka kwenye treni vimefungwa kwa majani makavu. Thirza mwenyewe alisaidia kuvisafisha. Alivisugua kwa siki mpaka ukisimama ndani ulidhani uko nje.

Mafundi walioajiriwa walikuwa watu wa misumari na viatu vya farasi. Mmoja wao, Mjerumani mwenye ndevu, alikunja uso siku ya kwanza. "Bwana, humu mwanga mwingi."

"Unataka nikutundikie blanketi," alisema Erastus, "kama mjane wa ndugu yangu?"

Karakana nzima ilikufa kwa kicheko. Mjerumani akarudi kwenye moto wake. Thirza alikuwa mlangoni na kapu la chakula cha mchana, akacheka pamoja nao.

Lakini Erastus hakuwa mjinga. Kimfano kilimwonyesha umbo, hakikumwonyesha moto. Akamfuata Thirza kule karakana ya zamani, aliyokuwa amemwachia kwa hisani.

"Shemeji, Orrin alikuwa anaivisha vipi yale meno?"

Thirza alifuta mikono kwenye aproni. "Alipasha mpaka yawe na rangi ya cheri iliyoiva, nyekundu nzito."

"Halafu?"

"Anachovya kwenye mafuta ya nguruwe. Siyo maji. Mafuta, na yawe ya vuguvugu."

"Halafu?"

"Anayarudisha motoni kidogo tu, yapunguze ukali. Basi."

Erastus alimtazama sana. Nyuma ya Thirza blanketi lilikuwa dirishani, limebanwa pembe zote.

"Hunidanganyi?"

"Nikuletee Biblia?"

Hakuhitaji Biblia. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliondoka akipiga mluzi, na Thirza alisimama pale akihisi utamu mdomoni kama wa mtu aliyelamba asali bila kuonekana.

Majira yote ya joto aliyatazama meno yakipangwa nyuma ya vioo, meusi, yaliyopinda vizuri, mamia kwa mamia. Erastus aliijaribu haro yake kwenye mchanga ule wa kando ya reli, ikapita kama kisu kwenye siagi. Mbele yake palikuwa na ubao mwekundu wenye maandishi ya dhahabu: E. WADLEIGH. Hiyo E ilikuwa kubwa kuliko herufi nyingine zote.

Kwenye maonyesho ya kaunti, mwezi wa tisa, aliiweka karibu na meza za keki na maboga. Watu wakaizunguka. Mzee Crandall alikuja akichechemea, akaigonga kwa fimbo.

"Nasikia inaruka mizizi."

"Inaruka, mzee."

"Umeijaribu wapi?"

"Kando ya reli."

"Kwenye mchanga!" Mzee aligeukia watu. "Jamani, kwenye mchanga hata kitana cha mke wangu kinapiga haro!"

Watu wakaangua kicheko. Erastus akawa mwekundu kama ubao wake.

"Una shamba lenye mizizi, mzee?"

"Nina shamba ambalo ni mizizi yenyewe, udongo umekuja kutembea tu. Liko hapo nyuma ya uzio. Njoo, kama hiyo haro si pambo."

"Twende."

Wakaenda wote. Waliacha keki, wakaacha hata mbio za magunia. Thirza alitembea mbele, shali imefungwa, moyo unapiga kama nyundo ndogo. Alitafuta mahali pa kusimama ambapo angeuona uso wa Erastus vizuri.

Ndipo akaona farasi anayefungwa kwenye haro. Tansy.

Hakulifikiria hilo. Mwezi baada ya mwezi alikuwa amefikiria meno, vioo, uso wa Erastus, lakini hakufikiria nani angekokota. Tansy alinyanyua kichwa, akamtambua, akapumua kwa nguvu puani.

"Shemeji," alisema Thirza, "weka farasi mwingine."

"Kwa nini?"

"Huyo mzee."

"Si ndiye aliyeikokota ya kwanza? Anaijua kazi." Erastus alisema kwa sauti, watu wasikie, kisha akashtuka kwa alichokisema. Hakuna aliyekitilia maanani ila Thirza. *Ya kwanza.* Alikuwa amekiri mwenyewe, na watu wanatafuna karanga.

Angeweza kusema pale. Kinywa chake kilikwisha kufunguka. Neno moja tu, feleji hiyo imeungua, na Tansy angefunguliwa. Lakini na Erastus angepona pia, angerudi karakana kwake, angetundika blanketi, na mwaka ujao angekuja na haro nzima kamili. Thirza alifunga mdomo.

Erastus akashika hatamu. Tansy akavuta. Haro ilikwenda vizuri mwanzoni, udongo ukifunguka nyuma yake, mtu mmoja akapiga makofi. Kisha meno yakakuta mzizi wa mwaloni. Tansy aliona uzito, akajikaza, akavuta kwa mabega yote kama alivyofundishwa na Orrin.

Meno hayakurudi nyuma. Yalikatika. *Tak, tak,* kisha mengi kwa pamoja, kama karoti. Haro, kwa kuwa hakikuwapo tena cha kuishikilia, iliruka mbele na kumpiga Tansy miguu ya nyuma, ubao mwekundu kwanza.

Erastus alisimama ameshika hatamu. Kisha Mzee Crandall aliinama, akaokota kipande cha jino, akakitazama pale kilipokatikia. Ndani kilikuwa na chembechembe kubwa kama chumvi ya mawe.

"Biskuti," alisema. "Mwana wa Wadleigh anatengeneza biskuti!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kile ambacho Thirza alikuwa na njaa nacho. Wanaume walishikana mabega. Mchungaji mwenyewe aliziba mdomo kwa kofia. Uso wa Erastus ulikuwa umekuwa mweupe. Thirza aliutazama, akaunywa wote mpaka chini.

Kisha Mzee Crandall akasema, akipangusa machozi, "Kumbe hii ndiyo springi aliyokuwa akihangaika nayo marehemu Orrin! Heri hakuishi aone. Haro za Wadleigh, mimi sitaki hata bure."

"Wala mimi," alisema mwingine.

"Wala mimi. Nirudishieni meno yangu yaliyonyooka."

Thirza aliyasikia hayo moja moja. Hakukuwa na lolote la kuwaambia ambalo lisingeanza na kukiri kwake habari ya vioo.

Alipita katikati yao, akapiga magoti udongoni karibu na Tansy. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umechanika, damu inatoka, lakini mshipa haukukatika. Alivua shali, akaufunga. Tansy akaleta pua shingoni kwake, hana kinyongo, jambo lililokuwa gumu kuvumilia.

Erastus alimwendea. "Ulinificha nini?" alisema kwa sauti ya chini. "Thirza. Ulinificha nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza amwite kwa jina lake.

"Sikukuficha. Ulichouliza nilikujibu."

"Cheri, ulisema. Mafuta, ulisema!"

"Na ni kweli. Kila siku uliliona blanketi, shemeji. Ulilicheka. Hukuniuliza hata mara moja lina kazi gani."

Aliona jibu likimwingia taratibu, likipita kwenye vioo vyote vile. Erastus alifumba macho.

Thirza alimfungua Tansy kwenye minyororo ya haro, akamshika hatamu. Hakuna aliyemwambia farasi huyo ni wa nani. Wakapita karakana ya zamani. Aliingia, akang'oa misumari, akalishusha lile blanketi. Jua lilimwagika ndani, likaangaza fuawe na rafu tupu na majivu ya jana. Alimfunika Tansy mgongo, maana kibaridi kilikuwa kimeanza.

Walishika barabara ya magharibi, ya kuihama Burr Creek, kwa mwendo wa farasi kilema, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika. Kwa mwendo ule, hata mtoto wa kutambaa angewafikia. Watu walisimama kwenye uzio wa Mzee Crandall wakawatazama wakizidi kuwa wadogo, na hakuna aliyewafuata, na Thirza hakugeuka.