Kumfufua Aliye Hai

Kosa langu la kwanza katika chumba cha wagonjwa mahututi lilikuwa kumfufua mtu ambaye hakuwa amekufa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa muuguzi, nimetoka chumba cha dharura cha hospitali hiyo hiyo, huku Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, ambako kila kitu kilifanywa kwa kelele. Mwisho wa mwezi tulipokea waliopasuliwa kwa chupa, walioteleza ngazini kwenye maghorofa ya mtaa wa Huruma, waliosukumwa kwa mkokoteni huku nusu ya mtaa ikifuata nyuma ikitoa ushauri. Niliweza kuipasua suruali ya jinzi kwa makasi kabla mwenyewe hajamaliza kusema, "Usikate, ni mpya!" Kisha alipelekwa wodini, na sikujua kamwe hadithi yake iliishaje. Hilo ndilo lililonichosha. Nilitaka kumwona mtu hadi mwisho, apone nikiwa nipo.

Nikajifundisha mambo ya mashine za kupumulia kwa kitabu kikuukuu nilichonunua kando ya barabara, hakina jalada. Nilifanya mazoezi ya kuhesabu pumzi kwa jamaa niliyeishi naye, kibarua wa kiwandani, akiwa usingizini. Asubuhi moja alifumbua macho akanikuta nimemwinamia, saa mkononi.

"Manze, unanipima jeneza?"

Nilipokubaliwa kujaribiwa kwa wiki moja kwa wagonjwa mahututi, niliipiga sare yangu pasi hadi ikang'aa makalioni.

Asubuhi ya kwanza, kengele ikalia. Mstari kwenye skrini ya moyo ulikuwa umenyooka kama uzi. Niliruka, goti likatua kitandani, viganja vikatua kifuani kwa mgonjwa. Kabla sijabonyeza, kofi likanipata sikioni. Alikuwa mama mmoja mnene, muuza mboga wa mtaa wa Mbotela, aliyeletwa na nimonia. Mpira wa kupumulia ulikuwa kooni, hivyo hakuweza kusema. Macho yake yalisema yote, na mengine hayaandikiki. Waya mmoja tu ulikuwa umebanduka kifuani.

"Kijana," ilikuwa sauti ya Sista, msimamizi wetu, "shuka kwenye kitanda cha mgonjwa."

Nilishuka.

"Huku hatukimbii. Ukirukia mashine tena wiki hii, utarudi ulikotoka."

Akaniachia mama huyo huyo. Kila nilipomkaribia, alikinga kifua kwa mikono miwili, kisha akacheka kwa mabega, na kicheko kikaifanya mashine ya kupumulia ilie. Nilitokwa na jasho. Yeye alizidi kucheka. Kufikia siku ya tatu, nami nilikuwa nacheka, nikiomba Mungu Sista asitusikie.

Alhamisi ilikuwa siku ya kumwachisha mashine. Mtu huachishwa kidogo kidogo, kama mtoto anavyoachishwa ziwa: nguvu ya mashine hupunguzwa, naye huachwa apumue mwenyewe. Akistahimili hadi adhuhuri, daktari angeutoa mpira. Akishindwa, nguvu ingerudishwa na tungengoja tena.

Wakaja wanawake wawili wa kanisa lake, Waluhya wa magharibi ya nchi kama yeye, vitambaa vyeupe kichwani.

"Daktari, tumwimbie kidogo? Polepole tu," mmoja akaniomba; kwake kila mwenye sare alikuwa daktari.

Nikakubali. Lakini wimbo wa Waluhya hauna polepole. Ubeti wa pili, mmoja alianza kupiga makofi kwa ncha za vidole. Wa tatu, mwingine aliyumba mabega. Kwenye skrini, mapigo ya moyo yakaanza kupanda. Yakapanda tena. Kengele ikalia.

Miguu yangu ilitaka kuruka. Kama amechoka, kukawia kungemuumiza. Kama hajachoka, kurudisha nguvu kungemnyima siku yake. Sista alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Nikatia mikono yangu mfukoni ili isinifanyie mambo, nikamtazama mama. Midomo ilikuwa na rangi yake. Paji la uso kavu. Kifua kinapanda na kushuka bila papara. Nikatazama chini, kwenye blanketi. Miguuni kulikuwa na mtikisiko. Nikalifunua pembeni.

Vidole vya miguu vilikuwa vinacheza. Vyote, tena kwa mdundo.

"Mama zangu," nikanong'ona, "naomba mbadilishe wimbo. Huu anaucheza."

"Anaucheza?" mmoja akamgeukia mwenzake. "Na wewe ulinibebesha leso ya kulilia!"

Wakaingia wimbo mwingine, mzito kidogo, na mapigo yakashuka taratibu kama watu wanaoteremka ngazi. Nilipogeuka, Sista alikuwa amekwenda zake.

Adhuhuri, daktari alikuja, akasikiliza kifua, akautoa mpira. Mama alikohoa, akakohoa tena, sote tukainama kusikia neno lake la kwanza.

"Mmeruka ubeti wa nne," akawaambia wale wawili.

Nilicheka hadi nikashika ukingo wa kitanda. Ijumaa Sista alinipita kwenye ushoroba bila kusimama. "Jumatatu uje na sweta," akasema. "Huku kuna baridi." Nilitembea hadi chooni kwa heshima zote, nikafunga mlango, nikaruka-ruka.

Tangu wakati huo nimebaki kwa wagonjwa mahututi. Kengele ikilia natembea, na namtazama mgonjwa kabla ya kuitazama mashine.