Leso ya Mfunga Bao

Nacheka sasa, lakini Jumamosi hiyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Timu ya kandanda ya chuo cha mwanangu Kevin, hapa Birmingham, ilikuwa imefungwa kila mechi tangu msimu uanze. Kevin mwenyewe ni kipa wa akiba, kazi yake kukalia benchi. Hata hivyo niliwatangazia akina mama wote wa kanisani kwamba safari hii tunashinda, nikanunua leso mpya ya kumtuza atakayetufungia bao.

Basi la kutoka Handsworth lilichelewa. Nilifika Perry Barr mechi ikielekea ukingoni, na kabla sijavuta pumzi, kijana mwenye jezi ya bluu, rangi yetu, akatia mpira wavuni.

Nani angenizuia? Niliingia uwanjani kwa vigelegele, nikamfunga yule kijana leso kiunoni, nikamchezea mpaka refa akaja kunisihi nitoke. Kijana alinishukuru kwa adabu sana. Wazazi wenzangu, ajabu, walikuwa wamenyamaza kama wako matangani.

Kumbe wageni nao walikuja na bluu, ikabidi vijana wetu wavae njano.

Nikageuka. Golini, kipa aliyejaa matope alikuwa akijizoazoa kutoka chini. Kevin wangu, ambaye tangu ajue kusema hunijibu kwa Kiingereza tu, alinitazama, kisha akanitolea Kiswahili safi:

"Mama, leo wamenichezesha. Hilo bao nimefungwa mimi."