Sufuria ya Msiba wa Marekani

Enzi zetu sisi tuliokulia Bredäng, huku Sweden, kabla simu hazijawa kiungo cha mwili, watoto tulicheza nje mpaka vidole vikafa ganzi. Tuliteleza kwenye kilima cha theluji nyuma ya magorofa kwa mifuko ya plastiki ya dukani, tukarudi makalio yamelowa, na Mama akatupokea kwa maneno yale yale: "Mmeshiba baridi? Haya, njooni mle maharage." Shuleni tulivua viatu mlangoni, tukala viazi vya kuchemsha na samaki asiye na ladha, na mwalimu tulimwita kwa jina lake, Birgitta. Hilo Mama hakulizoea kamwe. Kwake alikuwa Mwalimu, hata alipomtaja jikoni.

Na tuliipenda Marekani, niseme wazi, maana vijana wa leo wanadhani wao ndio walioigundua. Kofia zetu zilikuwa na majina ya miji ambayo hatukuweza kuionyesha kwenye ramani. Baba, dereva wa basi, alikuwa na hoja moja kila Jumapili baada ya ibada: kama pale kambi ya wakimbizi Kigoma tungeitwa na Marekani badala ya Sweden, tungekuwa mbali. "Kule mtu anakuwa mtu," alisema, huku akijitandikia ugali katika nyumba yenye joto tele.

Nilikuwa darasa la nne yale majengo ya Marekani yalipoangushwa. Tuliyaona yakianguka kwenye televisheni mara nyingi hadi tukaacha kushtuka. Birgitta akatuambia kwamba Ijumaa, saa sita mchana, shule nzima itasimama kimya kuwakumbuka waliokufa. Nikampelekea Mama habari.

"Shule imefiwa?" akauliza.

"Wamefiwa Wamarekani, Mama. Lakini na sisi tutasimama."

Kwake hiyo ilitosha. Kwetu Burundi, hata kambini ambako hatukuwa na kitu, mtu haendi msibani mikono mitupu.

Basi Ijumaa tumesimama nyuma ya viti vyetu, vichwa chini, mlango ukafunguka taratibu. Akaingia Mama, kitambaa cheusi kichwani, amekumbatia sufuria ya maharage na ndizi iliyofungwa kwa kanga. Viatu alishavua. Akaiweka sufuria sakafuni, akasimama karibu na mlango, akainamisha kichwa kama sisi. Ukimya ulipokwisha akamshika Birgitta mikono yote miwili, nami nikatafsiri: "Mwalimu, poleni sana." Birgitta akalengwa na machozi. Tukala wote, hata Zainab kutoka Baghdad, ambaye kwa kawaida hakugusa chakula cha watu. Sijawahi kumwonea fahari mama yangu kama siku ile.

Lakini Mama naye alikuwa na maiti wake. Kaka yake, Mjomba Salvatori, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka vita vilipozuka kwetu, mwezi wa kumi, wauaji walimtoa darasani mbele ya wanafunzi wake. Hana kaburi. Matanga hayakukaliwa, kwa sababu waliobaki tulikuwa tunakimbia, mimi nikiwa mgongoni. Tangu hapo Mama alitaka jambo moja tu: siku moja watu waje wakae kwake kwa ajili ya kaka yake.

Kwa hiyo Oktoba ilipofika alimwalika Birgitta na darasa lote. Hakuona ajabu yoyote. Kwetu, ukiletewa chakula cha msiba ukakila, siku ya mwenzako nawe unakwenda. Birgitta alisikiliza, akanishika bega, akasema ni jambo zuri sana, nimshukuru Mama. Mama akaomba ruhusa kazini. Akaazima viti vya kanisa letu la kule Vårby gård, na Baba akavileta kwa treni, watu wakimwangalia.

Tulivipanga sebuleni mpaka kwenye korido. Mama alipika tangu alfajiri. Akaja Mama Nakato, rafiki yake Mganda, kutoka Jakobsberg, na kreti ya soda. Wakaja akina mama wawili wa kanisani. Kisha tukakaa tukisikiliza lifti ikipita ghorofa yetu.

"Dada, hawa hawaendi kwa mtu hivi hivi," akasema Mama Nakato mwishowe. "Ni mpaka waalikwe mwezi mzima kabla."

"Mimi kwao nilialikwa na nani?" akajibu Mama.

Kesho yake Birgitta aliniita pembeni. Kwa upole kabisa akaniambia watoto bado wadogo, mambo kama yale ya Afrika yangewatisha. Watoto wale wale waliotazama watu wakiruka kutoka madirishani. Namjua Birgitta, hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana neno lake linaniuma mpaka leo.

Hata miaka miwili haikupita, mabomu ya Marekani yakaanguka Baghdad. Zainab alikuja shule macho yamevimba. Hatukusimama. Tulifungua vitabu vya hesabu. Mama ndiye aliyebeba sufuria jioni ile kwenda kwa mama yake Zainab, na mama yake Zainab ndiye, Oktoba iliyofuata, aliyekuja na tende akakaa nasi.

Wamarekani walipomchagua rais mweusi, Wakenya wa mtaani kwetu waliwasha majiko ya nyama uani, Baba akacheza mpaka akashika kiuno. Mama akasema, "Huyu baba yake ni wa kwetu. Labda yeye atatukumbuka." Nilimwonea huruma. Rais wa Marekani ana maiti wake wa kukumbuka, na wale waliouawa kwa amri yake hawamo.

Miaka kumi ya yale majengo ilipotimia, mdogo wangu Linnea, aliyezaliwa hapa hapa, alipewa kazi ya shule: muulize mzazi wako alikuwa wapi siku zile. Akamuuliza Mama kwa Kiswidi, simu mkononi. Mama akazima jiko, akavuta kiti. Akamweleza kwa Kiswahili sufuria, kitambaa cheusi, viti vya kanisa, lifti, na mjomba wake Salvatori aliyetolewa darasani. Nilikuwa naosha vyombo, sikuthubutu kugusa bomba. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema yote kwa mpigo mmoja.

Enzi zetu mzazi akianza kusimulia, hata kukohoa uliogopa. Linnea aliitikia "mm, mm", akaandika, akaenda kulala. Asubuhi niliiona karatasi yake mezani. Kwa mwandiko mzuri, kwa Kiswidi kisicho na kosa, alikuwa ameandika sentensi moja: Mama alikuwa anapika.