Njia Panda ya Mwalimu Lamara

Kila asubuhi, kabla jirani yake Tsiala hajaanika nguo kwenye kamba ya uani, Lamara Tsulaia alikuwa amekwishakaa kwenye piano. Alicheza sonata moja, ile ile kila siku, ya Mwaustria mmoja aliyekufa kijana. Aliicheza mwanzo hadi mwisho bila kukosea, akafunga kifuniko, akaenda kuchemsha kahawa. Hapa Sololaki, mtaa wa kale wa Tbilisi, nyumba zimeuzunguka ua mmoja, veranda za mbao zinatazamana, na mtu akikohoa ghorofa ya juu, wa chini anampa pole. Kwa hiyo ua mzima uliijua sonata ile. Tsiala alianika mashuka kwa mwendo wa muziki, na ilipofika sehemu ya haraka alibana vibanio mbio mbio kama anayefukuzwa.

"Shoga," alimwita siku moja kutoka veranda ya pili, "hicho chakula chako cha piano unampikia nani? Miaka nenda rudi unapika, mgeni haji!"

"Nawapikia nyinyi. Mnakula bure na bado mnalalamika."

"Sisi tumeshiba, mama! Kapakue kwingine!"

Lamara alicheka, akarudi ndani. Kila mtu uani alijua kwa nini hapakui kwingine, na hakuna aliyewahi kumwambia usoni.

Alizaliwa uani hapo hapo, binti wa Valiko, mwokaji mikate wa tanuri la kona. Valiko hakujua kusoma noti hata moja, lakini binti yake alipofikisha miaka sita akaanza kupiga piga ukingo wa meza kwa vidole huku akiimba, mzee yule aliuza shamba la mizabibu alilorithi kule Kakheti mashambani akanunua piano. Kuuza mizabibu ya marehemu baba yako! Ndugu zake walimnunia miaka na miaka, na mmoja wao alimwambia kwamba amebadilisha divai kwa kelele. Valiko aliendelea kuoka mikate. Alikuwa akirudi kutoka tanurini na unga kwenye nyusi, anakaa kwenye kiti cha jikoni, anasikiliza mpaka usingizi unamchukua.

Na binti hakumwangusha. Aliingia chuo cha muziki, akashinda mashindano, akapelekwa kucheza Yerevan na Kiev, na watu wanaojua mambo hayo walianza kulitaja jina lake bila kuulizwa. Alipofika miaka ishirini na saba alipewa usiku mzima wa peke yake, katika ukumbi mkubwa wa mji wake mwenyewe. Baba yake alialika hata wale ndugu walionuna. Hasa wale walionuna.

Sasa, ili umwelewe Lamara, lazima uielewe ile sonata, na si jambo gumu. Muziki wa namna ile unasimulia habari yake mara mbili. Mara ya kwanza wimbo unafika mahali fulani, unakata kulia, unaingia sehemu ya katikati. Baadaye unarudi, unafika mahali pale pale, noti zile zile, ila sasa unatakiwa ukate kushoto ili umalize. Mpiga piano wa jukwaani hana karatasi mbele yake, anacheza kwa moyo, hiyo ndiyo desturi. Basi vidole vikizoea vikakata kulia mara ya pili, unajikuta umerudi katikati, na ukitoka katikati utafika tena pale pale. Ni kama kuzunguka ua usio na lango.

Usiku ule Lamara alikata kulia. Akazunguka, akafika, akajiambia kushoto, vidole vikakata kulia. Wajuzi wa muziki walianza kutazamana. Wasiojua walidhani wimbo wenyewe ni mrefu. Alizunguka tena, jasho likimtiririka mgongoni, na alipoiona ile njia panda inamjia kwa mara nyingine, aliinua mikono, akasimama, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuinama kuwashukuru watu. Hakusema neno.

Hilo lingetosha, lakini nyumbani meza ilikuwa imeshaandikwa. Karamu ya watu wetu haifutwi. Kuku walikuwa wamechomwa, mikate ya jibini imetoka tanurini, mitungi ya divai imefunguliwa, na wageni walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Karamu ina mkuu wa meza, na mkuu wa meza ni lazima anyanyue glasi na kusema jambo kabla watu hawajanywa. Mkuu wa meza alikuwa Valiko mwenyewe. Alinyanyua glasi kwa ajili ya amani. Akanyanyua kwa marehemu, kwa akina mama, kwa watoto, kwa mkate, kwa mvua, kwa jirani aliyeazima viti. Mpaka alfajiri alinyanyua, na hakuitaja piano hata mara moja. Hata wale ndugu walionuna hawakuitaja. Walimwekea Lamara paja la kuku kwenye sahani na kumtazama kwa huruma.

Wangemtukana, angelia, angelala, angeamka. Huruma ile ndiyo iliyomkata maini. Asubuhi yake aliapa kwamba hatapanda jukwaani tena, na Lamara akiapa ameapa.

Akawa mwalimu. Alianza kwenye shule ya muziki ya mtaa kwa shingo upande, kama mtu aliyepangiwa adhabu, na haikupita muda akagundua kwamba kazi anaipenda. Hakuiacha hata ilipokuja ile miaka mibaya ya vita, umeme hakuna, gesi hakuna, mwalimu mwenzake mmoja akaipasua piano yake akaichoma kwenye jiko la kuni. Watoto walikuja nyumbani kwake na makoti, wamevaa soksi za mikono zilizokatwa ncha, na Lamara alipasha moto matufe ya chuma juu ya jiko la mafuta ili wayashike kabla ya kucheza. Valiko alifariki katika miaka hiyo. Mpaka mwisho alikuwa bado anakaa kwenye kile kiti cha jikoni, anawasikiliza watoto wa watu wakigongagonga.

Ufundishaji wake ulikuwa wa vituko. Mtoto akiwa katikati ya wimbo, Lamara anaangusha sufuria. Anafungua dirisha upepo upeperushe mapazia. Anauliza, "Jana mlikula nini kwenu?" na mtoto ajibu huku mikono inaendelea. Au anamwambia, "Simama! Anzia pale wimbo unapogeuka. Siyo mwanzoni, mwanzoni kila mtu anapajua!" Watoto walimwita mwendawazimu, wakakua, na hakuna hata mmoja aliyepotea jukwaani. Mmoja anacheza Vienna hivi sasa. Mama mmoja aliwahi kusema kwamba paa la ukumbi likianguka, mwanafunzi wa Lamara atamaliza wimbo chini ya kifusi. Lamara alizipokea sifa hizo, kisha akaenda nyumbani kucheza sonata yake kwa mashuka ya Tsiala.

Ndipo alipokuja Tekle. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, vidole vifupi, masikio makali, na mdomo mkali kuliko masikio. Katika miaka yote ya kufundisha Lamara hakuwa amepata mtoto kama yule. Lilipokaribia tamasha la shule la majira ya kuchipua, ambapo kila mwalimu huwaonyesha wanafunzi wake mbele ya wazazi, Tekle aliingia darasani, akakaa kwenye kiti cha piano na kukunja mikono.

"Sichezi."

"Salamu kwanza."

"Shikamoo, mwalimu. Sichezi."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi. Naogopa."

"Kila mtu anaogopa, mama. Unapanda, unacheza, unashuka, tunakula keki."

"Wewe mbona hupandi?"

Lamara aliokota penseli ambayo haikuwa imeanguka. "Mimi ni mwalimu."

"Mwalimu wa kuogelea asiyeingia majini."

"Tekle! Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna, nimejisemea. Lakini bibi alikuwepo ile siku yako. Anasema ulizunguka, ulizunguka, halafu ukatoroka."

Ukatoroka. Kwa miaka thelathini na ushei watu wa mji huo walisema "ile ajali," walisema "kale kajambo," au hawakusema kitu. Lamara alirudisha penseli mezani. Angeweza kumfukuza mtoto yule, na nusu ya walimu wa Tbilisi wangemfukuza.

"Nitacheza ukicheza wewe," Tekle alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Wewe kwanza. Na siyo kawimbo ka watoto. Ile yenyewe."

"Nenda nyumbani."

"Naenda. Lakini ndiyo hivyo."

Jioni ile Lamara alikaa verandani ameshika tama mpaka kahawa ikapoa. Alimjua Tekle, kichwa cha jiwe, akisema hachezi hachezi. Na alijua jambo lingine ambalo mtoto hakulijua. Woga ukiukwepa ukiwa na miaka kumi na mmoja, unakuja kuwa mama wa miaka hamsini na nane anayewapigia majirani piano wakianika nguo. Mtoto yule angepotea kabisa, muziki ungempoteza na yeye angeupoteza, na aliyeshika ufunguo alikuwa Lamara peke yake.

"Umenuna nini?" Tsiala aliuliza kutoka ng'ambo.

"Wanataka nicheze shuleni."

Tsiala aliacha kumenya viazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo lile kutajwa uani.

"Basi cheza."

"Na nikianguka?"

"Utaangukia wapi, shoga, na wewe umekaa kwenye kiti?"

Siku yenyewe ukumbi wa shule ulijaa akina mama wenye maua na wavulana waliobanwa na kola za mashati meupe. Tsiala na kikosi chote cha uani walikaa nyuma. Tekle alikaa mstari wa mbele, gauni la buluu, anatafuna ncha ya msuko wake. Mkuu wa shule alitangaza kwamba mwalimu Lamara Tsulaia atafungua tamasha, na wazee wachache waliokuwa wakikumbuka wakaacha kujipepea kwa programu zao.

Lamara alipiga moyo konde akapanda. Noti za kwanza zilitoka safi, na zilizofuata zilitoka safi kuliko hizo. Alicheza vizuri, tena vizuri kuliko alivyocheza ujanani, maana sasa alikuwa na mengi ya kusema. Alipita njia panda mara ya kwanza, akaingia katikati, akarudi, akaiona inakuja. Kushoto, alijiambia. Kushoto, kushoto, wewe mwanamke.

Vidole vikakata kulia.

Joto lile la zamani likampanda shingoni, lile lile, kama vile miaka yote ilikuwa inamsubiri kwenye kiti kile. Alizunguka katikati. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, aliuona kwa pembe ya jicho, na miguu yake ilishaanza kujikusanya. Akafika tena pale pale, na vidole, wajinga wakubwa, vikakata kulia tena. Lamara aliinua mikono.

Alimtazama Tekle. Mtoto alikuwa ameacha kutafuna msuko, macho yamemtoka, na uso wake ulikuwa unasema waziwazi: sasa atatoroka.

Lamara aligeukia watu bila kusimama.

"Nimepotea," alisema. Sauti ilimkwaruza, akakohoa, akarudia. "Nimepotea pale pale nilipopotea zamani. Mniwie radhi. Narudi kwenye njia panda."

Kisha sauti ikatoka nyuma kabisa.

"Rudi tu, shoga, hatuna haraka!"

Ukumbi ukaangua kicheko, wazee, wavulana wa kola, mkuu wa shule mwenyewe, na Lamara akacheka nao mpaka ikabidi afute macho. Aliweka vidole, akaanzia pale wimbo unapogeuka, akakata kushoto. Kurasa zile za mwisho alikuwa hajawahi kuzicheza jukwaani maishani mwake. Ni kurasa tulivu, nzuri mno, na alizicheza polepole kwa furaha iliyomuuma kifuani. Laiti mtu angemwambia alipokuwa na miaka ishirini na saba kwamba inawezekana kusimama katikati ukasema nimepotea, na watu wakakusubiri! Alipomaliza aliinama, akabaki ameinama kwa muda mrefu, na makofi hayakukatika.

Alishuka akaketi karibu na Tekle.

"Umeona nilivyoharibu," alimnong'oneza.

"Nimeona."

"Mapatano yalikuwa nicheze, na sikucheza sawasawa. Ukikataa sitakulaumu."

"Ulikosea mbele ya watu wote," Tekle alisema taratibu, kama anayepiga hesabu, "halafu hukufa."

"Sikufa."

Tekle alinyoosha gauni lake, akapanda bila kungoja kutangazwa. Katikati ya wimbo kidole kimoja kiliteleza kikapiga noti isiyo yake. Mtoto aliinua nyusi, akaendelea mbele, akamaliza kwa kishindo, akainama mara tatu ingawa moja inatosha. Alirudi kwenye kiti chake anahema, mashavu mekundu, akamgeukia mwalimu wake kabla makofi hayajaisha.

"Mwakani tunacheza nini?"

Lamara alifungua kinywa amwambie kwamba yeye ni mwalimu tu.

"Kitu cha piano mbili," alisema.