Nani Alisema Simama

Maji ya Ziwa Nyasa yalinijaa mdomoni na puani, na kilichonizuia nisizame ni mkono wa yule binti Mjerumani, umeshika gauni langu mgongoni. Mkono mmoja tu. Wa pili ulikuwa umevunjika mtumbwi ulipopinduka, nami sikujua. Alikuwa ananiambia kwa Kiswahili chake, "Mama, usinipande. Lala tu, mama." Mimi ni mtu wa Mapera, kijiji cha milimani, nimezaliwa kwenye kahawa. Maji yangu ni ya ndoo.

Binti alikuja kusoma kilimo chetu cha ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye mteremko ili mvua isibebe udongo. Ofisi ya wanafunzi wageni ikamweka kwangu miezi miwili. Alilima mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakutaka kupumzishwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini nilimpa nilichokuwa nacho. Nilimwambia, "Mwanangu, mzee hasalimiwi umekaa. Inuka, piga goti kidogo, ndipo useme shikamoo." Akashika. Hata ndani ya basi la Kitai aliinuka kusalimia, abiria wakacheka, naye akacheka.

Jumamosi moja msimamizi wa wanafunzi, bwana wa Songea mwenye gari la ofisi, akasema tushuke Mbamba Bay, ziwani, binti akatembee, nami nipumzike na jembe. Tulifurahi, sisemi uongo. Binti alikula mbasa wa kuchoma mpaka kichwa, muuza samaki akaniuliza, "Huyu mmemwiba wapi? Ni Mnyasa wetu huyu."

Kisha tukapanda mtumbwi twende kuona mawe ya upande wa pili. Maboya ya kuvaa yalikuwepo, ndani ya gari. Msimamizi alisema yaachwe, yanaharibu picha. Mwenye mtumbwi alitukalisha chini kabisa, akasema, "Humu ni kukaa tu. Hata akipita askofu, kaeni."

Akapita mzee mmoja na mtumbwi wake wa nyavu. Binti akamsalimia amekaa. Msimamizi, simu mkononi, akasema, "Aa, mbona hivyo? Si mama amekufundisha? Simama umsalimie vizuri, nipige picha."

Binti akanitazama.

"Bosi, hapana," mwenye mtumbwi akasema.

"Simama, mara moja tu."

Akasimama, akapiga goti.

Yule mzee na mwenye mtumbwi ndio waliotuvuta. Msimamizi anajua kuogelea. Alitangulia peke yake mpaka kwenye mwamba, akakaa.

Binti alirudishwa kwao na mkono wenye plasta, masomo hayajaisha. Ofisi ikaleta barua, binti yangu wa kuzaa akanisomea: mwanafunzi alisimama kwa sababu ya mila aliyofundishwa na mwenyeji wake, na nyumba yangu haitapewa tena mgeni. Kule kwao binti amesema ukweli, kwa mama yake na kwa chuo chake. Ameniandikia kwamba wanamjibu alikuwa na mshtuko, hakumbuki vizuri.

Ni kweli nilimfundisha. Tena aliponitazama ningeweza kusema "kaa", nikanyamaza kwa kumwogopa mwenye gari. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini "simama" haikutoka kinywani mwangu. Ilitoka kwa msimamizi, mara mbili, na watu wawili wa ziwani walisikia. Basi aje hapa Mapera, aketi kibarazani kwangu, ampigie mama wa yule binti nikiwa nasikia. Amwambie nani alisema simama. Amwambie na maboya yalikuwa wapi.